Maswali ya Wasomaji: Bustani za Paani na Mimea ya Ofisini

Barua za safari hii zimetoka kwa watu wanaoendesha, au wanaotaka kufungua, kampuni za kupanda bustani juu ya mapaa na kutunza mimea maofisini. Ukizisoma zote mpaka mwisho, karibu kila moja inauliza habari za maji: uzito wake, njia yake au kipimo chake. Yale yanayoweza kuifilisi kampuni tumeyajibu kwa kirefu.

Mteja wangu ana jengo la ofisi la ghorofa nne lenye paa tambarare la zege. Anataka bustani ya mita za mraba 200. Mimi ni mtu wa bustani, si mhandisi. Nitajuaje kama paa litabeba?

Hilo si lako kulijua, na usikubali kubebeshwa. Anayesema "litabeba" ni mhandisi wa miundo, kwa maandishi, na malipo yake yaingie katika hatua ya kwanza ya mradi, kabla hujachora tuta hata moja. Wajibu wako ni kumpa takwimu za kweli. Mhandisi akipewa uzito wa udongo mkavu, atakupa jibu la udongo mkavu, na paa litakuja kupimwa na mvua.

Uzito unaohesabiwa ni wa udongo uliolowa chapachapa. Njia rahisi ya kuupata ni hii. Chukua ndoo ya lita 10, itoboe matundu madogo chini, ijaze mchanganyiko utakaoutumia, ushindilie kidogo kwa kiganja, kisha ongeza mpaka ujae tena. Itumbukize kwenye pipa la maji kwa saa 24. Itoe, iache ichuruzike saa mbili, ipime, na utoe uzito wa ndoo tupu. Mita moja ya mraba yenye kina cha sentimeta moja ni lita 10 kamili, kwa hiyo kilo unazozisoma kwenye mizani ndizo kilo za kila sentimeta ya kina kwa kila mita ya mraba. Mchanganyiko mwepesi wa paani huangukia kati ya kilo 10 na 15. Udongo wa shambani hufika 18 hadi 20.

Tuseme ndoo yako imetoa kilo 12 na unataka kina cha sentimeta 10. Hizo ni kilo 120. Ongeza tabaka la kupitishia maji pamoja na maji linayoyashika, vitambaa, na mimea ikishakomaa, tuseme kilo 30. Jumla ni kilo 150 kwa mita ya mraba, yaani tani 30 kwa paa zima. Watu, meza na viti ni mzigo mwingine unaohesabiwa kando, na mapaa mengi ya zamani yalisanifiwa kwa fundi mmoja mmoja anayepanda kukagua, si kwa watu kukusanyika.

Kabla ya kukata tamaa, angalia kama paa limemwagiwa kokoto za kuushikilia utando wa kuzuia maji usipeperuke. Kokoto za kina cha sentimeta 5 zina kilo 80 hadi 90 kwa mita ya mraba. Mhandisi akiridhia, kokoto zinashuka na uzito wake unarithiwa na bustani. Mteja aking'ang'ania mti au kichaka kikubwa, muulize mhandisi nguzo ziko wapi, na sanduku la mti likae juu ya nguzo, si katikati ya uwazi.

Kuna jambo moja tunalitilia mkazo kuliko yote. Saa ya hatari zaidi kwa paa si ile ya mvua kubwa. Ni saa ya kupandisha udongo. Mfuko mkubwa wa mita moja ya ujazo una uzito wa karibu tani moja, na winchi huutua juu ya mita moja tu ya mraba. Paa lililoruhusiwa kilo 150 linapewa kilo 1,000 mahali pamoja, na mifuko mingine mitano inangoja pembeni yake. Kubaliana na mhandisi mahali pa kutulia mifuko, panga mmoja mmoja juu ya mihimili, na usiite mfuko wa pili kabla wa kwanza haujasambazwa.

Tulipanda bustani kwenye paa miezi saba iliyopita. Mvua zilipoanza, dari ya chini ikaanza kudondosha maji. Aliyeweka utando wa kuzuia maji anasema majembe yetu ndiyo yametoboa. Tufanyeje, na safari ijayo tujilindeje?

Poleni. Kwanza, msianze kufukua juu ya mahali panapodondoka. Maji hufuata mkondo: yakishapita utando hutembea kati yake na zege mpaka yapate ufa, na ufa huo unaweza kuwa mita kadhaa kutoka kwenye tundu lenyewe. Anzeni pale ambapo mapaa huvuja mara nyingi, yaani kwenye milizamu (matundu ya kutolea maji ya paa), mahali mabomba na nyaya zinapotoboa paa, na pale utando unapopanda ukutani. Ukutani, utando unapaswa kupanda angalau sentimeta 15 juu ya uso wa udongo uliokamilika. Pimeni. Mara nyingi utando uliwekwa sawasawa, halafu mtu wa bustani akaongeza udongo "ili mimea ipate nguvu" na kuuzidi kimo. Hilo likiwa ndilo kosa, ni lenu.

Kama huko kote ni salama, tafuteni mtaalamu wa kupima kwa umeme. Kifaa chake hupeleka mkondo hafifu kwenye uso uliolowa na kuonyesha unakopenya kwenda kwenye zege. Njia hii haifai kwa baadhi ya aina za utando, basi mweleze kabla hajaja ni utando gani na uko juu ya nini.

Kwa miradi ijayo, kinga yenu ni jaribio la kugharikisha kabla ya kuweka hata kitambaa kimoja. Ziba milizamu, jaza maji, acha saa 24 hadi 48, huku mtu akikagua dari ya chini. Weka alama ya penseli ukutani kwenye usawa wa maji, na pembeni weka beseni la maji lenye alama kama hiyo. Yakipungua sawasawa, ni jua. Yakipungua zaidi paani, kuna tundu. Piga picha zenye tarehe, na wewe, fundi wa utando na mwenye jengo mtie saini siku hiyo hiyo.

Angalieni mteremko kabla ya kujaza. Maji ya kina cha sentimeta 5 yana kilo 50 kwa mita ya mraba, na hilo huvumilika. Lakini paa lenye mteremko wa asilimia 2 hushuka sentimeta 20 katika mita 10, kwa hiyo ukitaka sentimeta 5 upande wa juu, kwenye mlizamu patakuwa na 25, yaani kilo 250. Ligawe paa kwa vizuizi vya muda na ujaribu kipande kwa kipande. Mteremko ukizidi hapo, acheni kabisa mtindo huu, mtumie kipimo cha umeme.

Baada ya jaribio, mpangilio wa matabaka kutoka chini ni huu: utando wa kuzuia maji, kizuizi cha mizizi kama utando wenyewe hauna, zulia zito la kulinda, tabaka la kupitishia maji, kitambaa cha kuchuja, udongo, mimea. Zulia la kulinda litandikwe siku ile ile jaribio linapokwisha, maana utando ulio wazi huchomwa na msumari ulioanguka, kisu cha kukatia, hata kokoto iliyonasa kwenye soli ya kiatu. Kuhusu mizizi, utando wa lami usio na dawa ya kuzuia mizizi hutobolewa. Mwongozo wa Ujerumani unaojulikana kama FLL huujaribu utando kwa mimea hai muda wa miaka 2 kabla ya kuukubali. Mwombeni muuzaji cheti cha jaribio la namna hiyo. Mianzi msiipande paani kwa hali yoyote.

Udongo maalumu wa paani ni ghali. Siwezi kuchanganya udongo wa msituni na samadi?

Hapana. Uzito tumeshaueleza. Tatizo la pili ni chembe laini: zinashuka na kila mvua na kuziba kitambaa cha kuchuja, na kitambaa kikiziba, bustani inageuka bwawa. Utaliona kwa madimbwi yanayokaa saa nyingi baada ya mvua, ukoga wa kijani juu ya udongo, na harufu ya yai viza ukichimba. Hakuna tiba ila kuondoa kila kitu. Tatizo la tatu ni samadi yenyewe. Inaoza na kusinyaa, kwa hiyo ulipanda kwenye sentimeta 10 na baada ya misimu michache zimebaki 7.

Unachoweza kufanya ni kuchanganya mwenyewe kwa vitu vilivyo karibu nawe: mawe mepesi ya volkano, udongo wa mfinyanzi uliochomwa ukaumuka, au matofali ya kuchoma yaliyopondwa na kuchekechwa vumbi likatoka. Hivyo viwe asilimia 80 hadi 90 ya ujazo, na mboji iliyoiva kabisa ijaze iliyobaki. Kila mchanganyiko mpya upitie jaribio la ndoo. Unapoagiza, ongeza asilimia 20 kwa ajili ya kushuka: mita za mraba 200 kwa kina cha sentimeta 10 ni mita za ujazo 20, basi agiza 24.

Miche mingapi kwa mita ya mraba, na ipi?

Kwa bustani ya udongo wa kina kifupi isiyokanyagwa, miche midogo 16 hadi 20 kwa mita. Paa la mita 200 ni miche 3,200 kwa uchache, na hiyo si kazi ya kununua wiki moja kabla. Agiza kwenye kitalu msimu mzima mapema. Sedum ndiyo iliyozoeleka kwa kuwa huhifadhi maji majanini na kufungua vitundu vya majani usiku badala ya mchana, ila joto likichanganyika na unyevu kwa muda mrefu, huoza. Penye hali hiyo Portulaca hustahimili zaidi. Usipande aina moja tu. Tano au sita, ili ugonjwa ukija usiache upara.

Wiki 6 hadi 8 za kwanza ni za kumwagilia, hata kama mimea inasifiwa kwa kuvumilia ukame. Mizizi bado iko ndani ya kitonge cha kitaluni. Lita 5 kwa mita ya mraba zinatosha kwa mara moja. Ongeza siku kati ya maji na maji kadiri wiki zinavyokwenda. Na palilia mapema. Mche wa mti uliopeperushwa na upepo ukang'olewa ukiwa na majani manne hutoka kwa vidole viwili. Ukiachwa mwaka, unang'oka na kitambaa.

Upepo umechimba udongo kwenye kona mbili za paa letu. Turudishie tu?

Ukirudishia udongo, utaondoka tena. Upepo hunyonya kwa nguvu zaidi kwenye kona na kingo kuliko katikati. Kando zote acha ukanda wa sentimeta 30 hadi 50 usio na mimea, wenye kokoto kubwa za milimita 16 hadi 32, na kwenye kona tumia vigae vizito vya zege. Ukanda huo huo unakufaa kwa mengine: unakinga moto usiruke, na unampa fundi njia ya kufikia kuta. Kila mlizamu nao uzungushiwe kokoto na kufunikwa kisanduku cha ukaguzi chenye kifuniko kinachofunguka bila kuchimba. Mlizamu uliofukiwa ni mlizamu usiokaguliwa.

Wafanyakazi wanaofanya kazi kwenye kingo hizo wafungwe mkanda kwenye nanga iliyothibitishwa, hata kwa palizi ya dakika kumi.

Tumepeleka Ficus benjamina 12 kwenye ukumbi wa benki, mirefu na mizuri. Baada ya wiki tatu sakafu imejaa majani. Mteja anataka fedha zake.

Hiyo miti ililelewa juani. Majani ya juani ni madogo, mazito, na yana njaa ya mwanga. Ukiyaingiza ukumbini, mti unaona hayalipi na kuyaacha. Ficus ya kuuzwa ndani inapaswa kukaa miezi kadhaa chini ya neti ya kivuli, na kabla ya kulipa unaitambua kwa majani mapana, ya kijani kilichokolea, yanayokaa bapa badala ya kujikunja kama mfereji. Muulize mwenye kitalu imekaa kivulini muda gani.

Kisha pima mwanga, usiukisie. Jicho la mtu huzoea giza na kudanganya. Shika kipima mwanga usawa wa majani, asubuhi na alasiri, kwa mwanga wa kila siku wa mahali hapo. Ficus inataka luksi (kipimo cha mwanga) 2,000 au zaidi. Kati ya 750 na 1,500 weka Dracaena na Philodendron. Kwenye 250 hadi 750 weka Zamioculcas, Aglaonema au Sansevieria. Chini ya hapo mwambie mteja ukweli: ama aweke taa za mimea kwa saa 10 hadi 12 kwa siku, ama mimea iwe ya kupokezana, inayotolewa kabla haijachakaa na kurudishwa kupumzika kitaluni. Uliza pia taa huzimwa lini mwishoni mwa wiki.

Kwa ile miti yenu 12, msiongeze maji. Ndilo kosa linalofuata kila mara: majani yanaanguka, mtu anadhani ni kiu, na mti wenye majani nusu unapewa maji ya mti mzima. Zamisheni kijiti cha mbao mpaka theluthi ya chini ya chungu, kiacheni dakika chache. Kikitoka na unyevu, ondokeni bila kumwagilia. Kama vyungu vina hifadhi ya maji chini, mwezi wa kwanza mwagilieni kutoka juu mpaka mizizi ishuke, na baadaye acheni hifadhi ikauke siku kadhaa kabla ya kujaza tena. Kuhusu fedha, kama hamkupima mwanga kabla ya kuuza, badilisheni miti.

Visubi vinaruka kila mahali ofisini, na ncha za Dracaena zimekuwa kahawia.

Visubi huzaliana kwenye udongo wa juu unaolowa muda wote. Acha sentimeta 3 hadi 5 za juu zikauke kati ya maji na maji, weka kadi za njano zenye gundi, na kwa mabuu tumia bakteria aina ya Bacillus thuringiensis israelensis kwenye maji ya kumwagilia, urudie kila wiki kwa wiki tatu au nne. Ukiua vinavyoruka peke yake, vingine vitatoka kesho.

Ncha za kahawia kwenye Dracaena mara nyingi ni floridi, kutoka kwenye maji ya bomba au mbolea ya superfosfeti. Tumia maji ya mvua na uweke udongo kwenye pH (kipimo cha uchachu) 6 hadi 6.5. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo, hiyo ni chumvi: kwangua, kisha pitisha maji mara mbili ya ujazo wa chungu, yatoke yote chini.

Nina wateja tisa wa matunzo na bado sioni faida. Nilipanga bei kwa idadi ya mimea. Nimekosea wapi?

Umekosea kwenye kipimo, dada. Unachouza katika matunzo ni dakika. Chukua mteja mmoja na saa mkononi. Tuseme ana vyungu 40, na kila kimoja, pamoja na kupangusa vumbi na kukata majani, kinachukua dakika 2: hizo ni 80. Kuingia getini, kusubiri lifti na kujaza maji, 15. Njiani, 25. Ziara moja ni dakika 120. Ukienda kila baada ya wiki mbili ni ziara 26, yaani saa 52 kwa mwaka. Zizidishe kwa gharama kamili ya saa ya mfanyakazi: mshahara, likizo, bima, nauli, na saa anazolipwa akiwa hayuko kwa mteja yeyote.

Jumlisha mimea ya kuweka badala ya iliyokufa. Kumbukumbu zako zikionyesha katika vyungu 40 vinakufa 6 kwa mwaka, hiyo ni asilimia 15. Weka gharama ya mimea 6 pamoja na usafiri wa kuipeleka na kuitupa ile mibovu. Ongeza mbolea na dawa.

Sasa hatua inayowapoteza wengi. Ukitaka asilimia 35 ya bei ibaki kwa gharama za ofisi na faida, usizidishe gharama kwa 1.35. Gawanya kwa 0.65. Gharama ya 100 ukiizidisha inakuwa 135, na ile 35 yako ni asilimia 26 tu ya bei. Ukiigawanya inakuwa 154. Tofauti hiyo ya 19 kwa kila 100, kwa wateja tisa, huenda ndiyo faida usiyoiona.

Kwa bustani ya paani, weka mkataba wa matunzo ndani ya bei ya kujenga: ziara 6 hadi 8 mwaka wa kwanza, kisha 2 hadi 4, na kila ziara ianzie kwenye visanduku vya milizamu. Andika nani analipia maji, bomba liko ghorofa gani, na nani ana funguo za paa. Kwa mimea ya ndani, andika kwamba dhamana haihusu mmea uliohamishwa na mteja, uliomwagiwa chai, au uliowekwa chini ya kiyoyozi kilichofungwa baada ya mkataba. Mteja asaini kando ya kifungu hicho, na upige picha ya kila mmea mahali pake siku ya kukabidhi.